Mgeni wa Kiswahili Mpelekeni Makunduchi

Kuna kauli imetuganda vichwani hapa Unguja: mgeni anayetaka Kiswahili safi na aje Mji Mkongwe, akae Mji Mkongwe, awasikilize watu wa Mji Mkongwe. Akenda shamba atachanganyikiwa, ulimi utamharibika. Wanaisema wenye nyumba wanaowapangisha wanafunzi, wanaisema wazee barazani, na linalouma zaidi, wanaisema baadhi ya walimu. Kauli hii ni ya uongo. Inamdhulumu mgeni, na inatudhulumu sisi wenyewe.

Wageni hao si haba. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo kazi yake imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Wanafunzi wake wa kigeni wanatoka Marekani, Ujerumani, Uchina na kwengineko. Mwanafunzi husomeshwa ngeli na nyakati mpaka akaandika insha isiyo doa. Kisha siku moja anapanda gari ya shamba, bibi aliyekaa ubavuni mwake anamuuliza jambo, na yeye hakufahamu hata neno moja. Akirudi mjini anaambiwa asijali, wale hawasemi vizuri. Hapo ndipo anapopotoshwa. Bibi yule kasema lugha yake, tena kaisema sawasawa. Aliyesomeshwa nusu ni mgeni.

Tena huko mjini kwenyewe, Kiunguja gani hicho anachokisikia? Apite Shangani au mtaa wa Gizenga, ahesabu wauzaji waliotoka Tanga, Dar es Salaam na Arusha. Atasikia *gali* kwa *ghali* na *zarau* kwa *dharau*. Jioni akienda Jaws Corner kunywa kahawa atawakuta wazee wanaosema *kenda* pale kitabu chake kinaposema *ameenda*, na atadhani amesikia vibaya. Mji huu ulijengwa na watu wa kila upande, Wangazija, Wahindi, Wamanga, Wanyamwezi, na kila mmoja kaacha sauti yake. Sauti moja iliyo safi haipo hata kwenye vichochoro hivi.

Wanaotetea usafi wa mjini husahau Kiunguja kilishika vipi nafasi yake. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu, alichapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kukisimamia. Hoja nzito ilikuwa kuenea: misafara ya pembe ilikwishakifikisha Tabora, Ujiji na Kongo. Mombasa, yenye tungo za Muyaka bin Haji, haikuridhika, nami siilaumu. Kiunguja kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa kimefika mbali. Leo tunakigeuza kisingizio cha kumzuia mwanafunzi asifike hata kijiji cha Kitogani.

Na mwaka huohuo wa 1928, mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi santuri, sauti yake ikasikika pwani nzima kuwa ndiyo sauti ya Unguja. Naye alizaliwa shamba, Fumba. Mjini alianza kufika akiuza vyungu.

Wapo watakaonijibu kuwa anayeanza anahitaji kushika njia moja. Nakubali. Kuandika na aandike Kiswahili sanifu, na miezi ya mwanzo na asikilize mwalimu wake. Lakini sikio lina masomo yake. Mwaka 1993 Lively, Logan na Pisoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, walichapisha matokeo ya jaribio juu ya Wajapani waliokuwa wakijifunza kutofautisha *r* na *l* za Kiingereza. Waliofunzwa kwa sauti za wasemaji wengi waliweza kuzitambua hata kwa msemaji ambaye hawajapata kumsikia. Waliofunzwa kwa sauti ya mtu mmoja waliendelea vizuri kwa mtu huyo, na walipoletewa mwengine faida ikapotea. Ndiyo hali ya mwanafunzi wetu. Akitoka hapa akafika Mombasa akaitwa *ndoo* kwa *njoo*, au Lubumbashi akasikia *batu* kwa *watu* na *kuya* kwa *kuja*, ataganda, na atasema Unguja alisomeshwa Kiswahili ambacho watu hawakisemi.

Kila Julai tunawapeleka wageni Makunduchi kutazama sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanapiga picha watu wakipigana kwa migomba, kabla ya magharibi wamesharudi Vuga. Kikae, yaani Kimakunduchi, lugha ya wenye sherehe ile, hawakuisikia. Tumewaonesha watu tukawaficha ndimi zao.

Dhuluma kwetu ni kubwa zaidi. Mtoto wa Tumbatu anayeletwa skuli ya mjini huchekwa siku ya kwanza anapofungua mdomo, na hujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kitu chengine. Akisikia na mwalimu wa wageni akisema kwao hakusemwi vizuri, nani atamtetea? Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limekwishatoa kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Kazi ya heshima kubwa. Basi ziwekwe mikononi mwa wanafunzi, zisikae kabatini.

Ninalotaka ni hili. Kila mwanafunzi wa kigeni wa daraja la kati na kuendelea akae wiki kadhaa Makunduchi, Nungwi au Tumbatu, kwenye nyumba ya watu, mbali na hoteli. Mtihani wa kusikiliza uwe na sauti za wavuvi wa Mkokotoni na wakulima wa mwani wa Paje, si sauti ya mhadhiri peke yake. Na sisi wa mjini, mgeni akisema "samahani, sijafahamu," tusikimbilie Kiingereza. Tuyarudie maneno yaleyale, kwa mwendo uleule, mpaka yamkae. Bibi wa shamba atakayeketi na mwanafunzi akimrekebisha asubuhi na jioni alipwe kwa saa, kiwango kilekile anacholipwa mwalimu wa darasani.