Muhuri wa talaka uko Kinshasa, mama yuko Beni

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nataka tuseme juu ya karatasi.

Mama mmoja alikuja kunitafuta kwenye mlango wa redio hapa Beni, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani mlikuwa hukumu yake ya talaka, iliyotolewa Goma mwaka 2022. Vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, aliacha kitanda, masufuria na cherehani. Hiyo karatasi aliifunga tumboni ndani ya kitenge. "Miaka miwili nilipanda na kushuka mahakamani juu ya hii," aliniambia. "Ningeiachaje?"

Sasa kuna Mkongomani mwenzetu anayeishi Ubelgiji, anataka kumuoa. Komini ya kule imejibu: leta hukumu ya talaka, lakini iwe imelegalizwa. Maana yake iwe na mihuri inayothibitisha kwamba sahihi zilizo chini ni za kweli.

Sikilizeni njia yenyewe. Hukumu peke yake haitoshi. Lazima karani wa mahakama iliyokata kesi atoe kopi rasmi, pamoja na karatasi ingine, sertifika ya kutokata rufaa, inayosema kesi imekwisha na hakuna anayeweza kuifufua. Kisha zipande Kinshasa, Wizara ya Mambo ya Nje. Kisha ziende ubalozi wa Ubelgiji, Kinshasa palepale. Huyu mama ana kopi yake, lakini hiyo sertifika hakuna aliyemwambia aiombe. Alifikiri jaji akiisha kusema, imeisha. Na makaratasi ya kesi yake yalibaki Goma, kwenye ofisi ambayo leo hawezi kuigonga mlango.

Aliuliza ofisi moja hapa kwetu. Akajibiwa: "Mama, hayo ni ya Kinshasa." Yaani hivyo tu, na mtu akageukia simu yake.

Mimi nasema wazi: huu si utaratibu, ni adhabu. Barabara ya kumfikisha mtu Kinshasa kutoka hapa hakuna, ni ndege. Mama anayelala na watoto wawili sebuleni kwa shemeji yake atapanda ndege na nini? Komisionere mmoja alimwambia atampelekea makaratasi, akamuomba pesa zinazolipa kodi ya nyumba miezi mitano, bila risiti. Mwingine, wa hapa mjini, alikuwa mwepesi zaidi: "Lete jioni, kesho asubuhi utakuwa na mihuri yote." Mihuri ya Kinshasa, usiku mmoja, Beni! Akaniuliza: "Kaka, nikubali?" Nikamwambia hapana, kwa sababu kule wakigundua muhuri wa uongo, hata talaka yake ya kweli itahesabiwa uongo, na jina lake litachafuka kwenye dosye. Lakini nilisema hapana na haya usoni, maana njia ya kweli ya kumuonyesha sikuwa nayo.

Najua jibu la wakubwa. Wanasema muhuri lazima ubaki sehemu moja kwa sababu huku Mashariki makaratasi ya uongo ni mengi. Ni kweli, yako mengi, nami nimeyaona. Lakini nani anayeyalisha? Mwenye karatasi ya kweli anazunguka mwaka mzima, mwenye ya uongo anahudumiwa kabla ya chai. Ukiweka kisima mbali, usishangae watu wakinywa maji ya bwawa.

Tena huo muhuri unafanya nini? Anayelegaliza hasomi kama bwana alimpiga bibi, wala kama jaji alikata vizuri. Anatazama sahihi ya mwisho na kuilinganisha na mfano alionao. Basi. Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa na mtumishi wa Wizara aliyewekwa Beni, Bunia au Kisangani, mwenye mifano ya sahihi za makarani wa jimbo na ruhusa inayotambuliwa na balozi. Alama za vidole kwa ajili ya pasipoti zilikuwa zinachukuliwa Goma, hatukuambiwa kila mtu aende Kinshasa na vidole vyake. Au ni kwa sababu pasipoti inaleta pesa?

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Tangu tarehe 5 Oktoba 1961 kuna mkataba wa La Haye unaoruhusu karatasi kuvuka mpaka na muhuri mmoja tu, unaoitwa apostili, bila kupitia ubalozi. Afrika Kusini imo tangu 1995. Burundi tangu 2015. Rwanda tangu 2024. Ndiyo, najua kutaja jirani huyo leo kunachoma, hata mimi nimeandika jina lake nikisita. Lakini hasira haimletei mama yetu muhuri. Congo hatumo. Na hata tukiingia, nchi nyingine inaweza kukataa apostili yetu, mkataba unaruhusu hivyo. Kwa hiyo sisemi ni dawa ya yote. Nauliza tu, waheshimiwa wabunge mliochaguliwa na watu wa hapa: ni lini mmoja wenu alisimama akamuuliza waziri swali hili?

Na kwa wale wa mahakama: hukumu za Goma na Bukavu zimetawanyika pamoja na wenyewe, ziko kwenye mifuko, kwenye magodoro. Serikali ichague mahakama moja katika mji unaofanya kazi, iipe ruhusa ya kusikiliza watu hawa, ipokee kopi walizokimbia nazo, imtafute mume wa zamani kama yuko, kisha itoe sertifika. Bila hiyo hata muhuri ukiletwa Beni kesho, mama huyu hatakuwa na cha kupigia muhuri.

Nasi wenyewe tusijifiche. Wengi bado wanaamini kwamba familia zikikaa na mali ikirudishwa, ndoa imekufa. Mbele ya wazee, labda. Lakini kwa ndoa iliyoandikwa, Kodi ya Familia ya 1987, hata ilivyorekebishwa 2016, haijui talaka ya kikao cha wazee, inajua ya jaji. Barua ya shefu wa kartie au ya mchungaji haitavuka uwanja wa ndege.

Mnaoishi penye mahakama iliyo wazi, Butembo, Bunia, Kisangani, na mna talaka iliyokatwa: rudini kwa karani wiki hii. Ombeni sertifika ya kutokata rufaa, na mhakikishe talaka imeandikwa pembeni ya cheti cha ndoa kwenye ofisi ya etasivile. Dai risiti kwa kila franga utakayotoa. Piga picha ya kila ukurasa, itume kwa mtu unayemwamini aliye mbali.

Mama wa mfuko wa plastiki ataongea mwenyewe kwenye kipindi chetu cha jumamosi, bila jina lake. Ofisi iliyomjibu "hayo ni ya Kinshasa" imealikwa pia. Mpaka naandika haya, haijajibu.