Mheshimiwa Waziri wa Afya, si kila maumivu ya taya ni jino

Mheshimiwa Waziri,

Shangazi yangu aling'olewa meno manne, yote mazima. Maumivu yalimpiga kama shoti ya umeme kutoka tayani hadi shavuni, sekunde chache, yakakata, yakarudi. Upepo wa dirisha la daladala ulitosha kuyaamsha. Akaacha kupiga mswaki, akaacha kutafuna, mwishowe hata salamu akawa anaitikia kwa kichwa.

Baadaye alipewa kabamazepini, dawa ambayo wengi tunaijua kwa kifafa, akapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyotuponza. Dawa hii huweza kutuliza neva ya tano, ile inayobeba hisia za uso, hata pale inapobanwa na uvimbe. Shavu likafa ganzi, sikio la upande uleule likawa zito, na bado hakuna aliyemwandikia kipimo cha MRI. Ilipofanyika, uvimbe ulionekana kando ya shina la ubongo.

Najua kwamba kwa wagonjwa wengi wa maumivu haya neva hubanwa na mshipa wa damu, na wenye uvimbe ni wachache. Lakini hawa wachache wana chanzo kinachoweza kuondolewa. Daktari bingwa hutoboa fuvu nyuma ya sikio, huutoa uvimbe kidogo kidogo akitumia darubini, kisha huikagua neva. Akikuta na mshipa wa damu umeigandamiza, huutenga kwa kipande cha tefloni. Hatari zipo: kupoteza usikivu, uso kupooza, maji ya ubongo kuvuja. Shangazi alizikubali zote. Siku chache baada ya upasuaji aliomba uji, akaunywa bila kushika shavu.

Upasuaji wa ubongo unafanyika hapa nchini, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Kinachowakwamisha wagonjwa ni kufika huko wakiwa wamechelewa. Nakuomba utoe mwongozo kwa kliniki za meno: jino lisiloonyesha ubovu lisiguswe, na mwenye shoti za uso pamoja na ganzi, uziwi wa upande mmoja au umri mdogo apelekwe MRI. Na katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kipimo hicho kisiwe cha mwenye fedha peke yake.

Shangazi sasa hanywi dawa yoyote ya maumivu. Chakula anatafunia upande wa kushoto, maana kulia hana meno.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Dar es Salaam