Moshi wa Jikoni Una Kipimo Chake

Hebu pindua sufuria yako uitazame chini. Yale masizi unayoyasugua kwa jivu kila jioni ndiyo mazungumzo yetu leo. Lakini sina haja na yaliyoganda kwenye sufuria. Nasema yale yaliyoipita sufuria yakaingia kifuani mwako, na kifuani mwa mtoto uliyembeba mgongoni.

Kama umewahi kufika Lopur, upande wa Kakuma kule Turkana, wajua upepo wake. Mama akikoka moto ndani ya kibanda cha vijiti na makuti ili upepo usiuzime, moshi hukosa pa kutokea. Huo hauhitaji mtaalamu. Macho yanawasha, mtoto anakohoa. Basi kuna haja gani ya kuupima?

Haja ni vumbi. Vipimo vingi vya hewa huchanganya vumbi na moshi, na hapo jangwa husingiziwa dhambi za jiko. Ndiposa kuna chombo kiitwacho ethalomita, kilichoundwa na Tony Hansen na wenzake huko Berkeley, Marekani. Pampu huvuta hewa kupitia karatasi nyeupe ya kuchujia. Masizi hunaswa, karatasi inakuwa nyeusi, kisha inamulikwa. Kadiri nuru inavyozuiwa, ndivyo masizi yalivyo mengi. Vumbi hunyonya zaidi nuru ya samawati, ilhali masizi hunyonya hata ile nuru ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Hapo mwizi hujulikana! Kuna na vidogo vya kuvaliwa, mama akaenda navyo kisimani na kurudi.

Hapa kwetu Kenya, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia nyumba 55 huko Laikipia kwa zaidi ya miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Wao walipima chembe za moshi kwa jumla, si masizi pekee. Waliona kwamba moshi ukizidi, magonjwa ya kifua nayo huzidi. Tena, na hili ndilo lililonishangaza, mpishi hapati moshi wake sawasawa kutwa nzima. Sehemu kubwa humpata kwa vipindi vifupi, akiwa ameinamia moto: anapouwasha, anapochochea, anapokoroga. Ukipima wastani wa siku tu, vipindi hivyo hutaviona.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Najua utaniambia gesi ni ghali, na kuni ndizo zilizopo. Ni kweli, wala sikulaumu. Ila jioni hii, kabla hujapuliza moto, mshushe mtoto mgongoni. Nyanya yake amshike huko nje, upande usioelekea moshi, mpaka moto ushike na ugali uive.