Uchanganuzi: Kwa nini mwenye biashara Garissa hathubutu kuzima simu akiwa likizoni

MFANYAKAZI wa kuajiriwa nchini Kenya ana haki ya kupumzika. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Mnamo 2022, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alitaka kwenda mbali zaidi. Mswada wake ulinuia kumzuia mwajiri kumsumbua mfanyakazi kwa simu na barua-pepe nje ya saa za kazi, mithili ya sheria iliyoanza kutekelezwa Ufaransa Januari 2017. Shirikisho la Waajiri Kenya (FKE) liliupinga.

Katika mjadala huo wote, mwenye duka, mwenye lori na mwenye ng'ombe walisahaulika. Hawa hawana bosi wa kuwapa ruhusa wala wa kuwanyima, na kwa hivyo hudhaniwa kuwa huru kuliko wote. Mjini Garissa mambo ni kinyume kabisa.

Chukua biashara ya mifugo. Soko la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi katika kanda hii, na sehemu kubwa ya ng'ombe wanaouzwa hapo hutoka ng'ambo ya mpaka, Somalia, na kuishia katika vichinjio vya Nairobi na Mombasa. Baina ya mfugaji na mwenye bucha kuna dalali, mnunuzi na mwenye lori, na aghalabu hakuna mkataba ulioandikwa kati yao. Kinachowaunganisha ni kuaminiana, na uaminifu huo una nambari ya simu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka anayechukua bidhaa Eastleigh kwa mali kauli. Anayemkopesha halikopeshi duka. Anamkopesha fulani bin fulani. Simu ya fulani ikizimwa siku tatu mfululizo, watu huanza kuulizana amehamia wapi.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kasha la fedha nalo lilihamia mfukoni. Wafanyabiashara wengi wadogo hutumia laini moja kwa mauzo, karo ya watoto na matumizi ya nyumbani, na nambari ya siri huijua wao peke yao. Mtu wa namna hiyo akiipeleka familia yake Mombasa kwa wiki moja, duka zima limesafiri naye. Atakaa ufuoni akiidhinisha malipo ya magunia ya sukari.

Kuna sababu nyingine, nayo haipatikani katika vitabu vya Ulaya vinavyohimiza watu waachane na simu wakati wa mapumziko. Kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki, kukosa mawasiliano hakujawahi kuwa anasa. Januari 2020, wanamgambo wa al-Shabaab walishambulia milingoti ya simu huko Saretho na Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na huko Kamuthe walimu watatu waliuawa. Miaka mitano kabla ya hapo, baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza kafyu katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, na ikasimamisha kampuni 13 za hawala. Kampuni hizo ziliruhusiwa kufungua tena Juni mwaka huo. Novemba 2023, mafuriko ya El Nino yaliikata barabara inayounganisha mji huu na Nairobi. Mtu ambaye mzigo wake uko njiani hawezi kulaumiwa kwa kulala na simu chini ya mto.

Lakini uchovu hauulizi sababu. Mei 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa kazi ya saa nyingi ilichangia vifo 745,000 duniani mwaka 2016, kutokana na kiharusi na maradhi ya moyo. Waliohesabiwa kuwa hatarini ni wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mwenye duka anayefungua baada ya sala ya alfajiri na kufunga baada ya isha huzifikisha saa hizo kabla ya Ijumaa.

Ajabu ni kwamba jamii hii ina utaratibu wa kale wa kuiacha biashara mikononi mwa mwingine. Hija ni ibada, si likizo, ila kwa wafanyabiashara wengi ndiyo safari inayowatoa dukani kwa majuma kadhaa. Anayeikusudia hufunzwa alipe madeni yake au amteue wa kuyalipa, aandike wasia, na awaachie jamaa zake masurufu ya kuwatosha hadi atakaporudi. Ukiyatazama hayo kwa jicho la biashara, ni makabidhiano kamili. Zamani hujaji akishaondoka, neno la ndugu aliyebaki ndilo lililokuwa neno la duka.

Simu imeyavuruga hayo. Dini haikatazi biashara wakati wa Hija, hivyo anayepokea simu ya mteja akiwa Mina hajavunja sharti lolote. Anachovunja ni heshima ya aliyemwachia duka. Kijana anayelazimika kumpigia kakake Saudia kabla ya kupunguza bei ya gunia la mchele hatasikilizwa na wateja, wala hatajifunza kazi.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na madeni yaliyo kichwani mwa mtu mmoja huzikwa naye. Kuyaandika hakugharimu kitu. Kutenganisha fedha za duka na za mwenyewe kumewezekana kupitia Lipa na M-Pesa tangu 2013. Linalobaki ni gumu zaidi: kumtambulisha msaidizi kwa wakopeshaji wa Eastleigh na madalali wa sokoni, kisha kukubali kwamba atafanya makosa machache ya bei.

Wanawake wanaouza maziwa ya ngamia hawana hata nafasi ya kujaribu hilo. Maziwa huchacha, na wengi wao hawana mdogo wa kuachiwa mitungi. Katika kaunti jirani ya Isiolo, akina mama wa ushirika wa Anolei huyakusanya maziwa kwa pamoja na kuyapeleka Eastleigh kwa basi, hivyo mmoja akikosekana mzigo bado husafiri.