Tuwaenzi Masheikh Wetu Wangali Hai

Anapofariki sheikh wa mtaa, msikiti hujaa hadi barazani. Wanafunzi wake wa zamani huja kutoka mbali, na kila mmoja husimulia alivyosomeshwa naye Juzuu Amma. Hayo ni mema. Lakini hatuna budi kujiuliza: alipolala kitandani kwa maradhi, ni wangapi kati yetu tuliopiga hodi kwake?

Tumezoea kumwona kila siku, na mazoea yameifanya khidma yake ionekane si kitu. Yeye ndiye aliyetufungisha ndoa, akatupatanisha tulipogombana, akawasalia wazee wetu walipotutoka. Jioni huwasomesha watoto wetu kwa ada ndogo, na ada hiyo ndiyo tunayoichelewesha kuliko zote.

Marehemu Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, anajulikana zaidi kwa tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyotoka kamili mwaka 1969. Ila ipo kazi yake nyingine inayotuhusu hapa. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha maisha ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, akaeleza walisoma kwa nani na wakamsomesha nani. Mwanachuoni wa daraja yake hakuona unyonge kuandika fadhila za wenziwe. Lau si kalamu yake, wengi wao leo tusingewajua.

Familia zetu nazo zina la kufanya. Tuilipe ada ya madrasa kabla ya kudaiwa. Tumzuru sheikh akiwa mzima na akiwa mgonjwa, wala tusiende mikono mitupu. Kisha tumtume kijana wetu na daftari, amuulize alisoma wapi, kwa nani, na alipita katika tabu gani. Majibu hayo yasipoandikwa leo, yatazikwa pamoja naye. Wala tusimsahau mama anayewasomesha watoto wa majirani ukumbini mwake, ambaye jina lake halitajwi hata siku ya hafla.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi shukrani zetu ziwafikie wakiwa bado wanazisikia. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.