Kidonda Kimefunga, Kichwa Je?



Mtu akivunjika mguu kazini, wote tunaona plasta, na hakuna shefu atakayemwambia abebe gunia. Lakini akipigwa na jiwe kichwani, siku kidonda kikifunga tunasema: "Amepona, arudi kazini." Hapo tunakosea.

Ubongo ulioumia hauonyeshi jeraha lake. Mtu anasema vizuri, anacheka. Lakini ukimpa maagizo matatu, anashika moja. Anachoka kabla ya saa sita. Kelele za makina zinamchanganya, hasira inampanda upesi. Wenzake wanamwita mvivu au mlevi. Mke wake ndiye anayejua: huyu si yule wa zamani.

Watu wa baruti walijua jambo hili tangu zamani. Tarehe 13 Septemba 1848, kule Vermont, Marekani, Phineas Gage, kapita wa wapasua mawe wa reli, alikuwa akishindilia baruti. Ililipuka, na chuma cha urefu wa zaidi ya mita 1 kikapenya kichwa chake. Hakufa. Lakini waajiri walikataa kumrudishia ukapita, maana tabia yake ilibadilika. Baadaye aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka mingi: kazi yenye saa zake na njia zake zilizojulikana. Kazi ya kwanza ilimshinda, nyingine aliiweza.

Basi mawazo yangu ni haya. Hapa Lubumbashi, Kipushi au Kolwezi, aliyeumia kichwa asirudishwe mara moja shimoni wala kwenye usukani wa lori kubwa. Kosa lake la dakika moja laweza kuua ekipi nzima. Tena asitupwe nyumbani. Daktari apime kukumbuka kwake, uangalifu wake na wepesi wa kufikiri. Aanze na saa chache, kazi moja moja, na maagizo yaandikwe.

Wengi wanaficha ugonjwa huu kwa kuogopa kupoteza mshahara. Ndiyo sababu kila pigo la kichwa liandikwe na kutangazwa mapema. Sheria ya usalama wa jamii ya mwaka 2016 inahesabu ajali za kazi, lakini ajali isiyoandikwa ni vigumu kuidai.

Nawe mama wa nyumbani, usinyamaze. Ukiona bwana anasahau na kukasirika ovyo, fuatana naye kwa daktari. Ushuhuda wako ni dawa ya kwanza.