Ilani haina miguu

Duka langu liko Msambweni, kwenye barabara iendayo hospitali. Ni chumba kimoja tu: mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, printa moja yenye kisirani na kiti cha plastiki cha mteja. Fotokopi shilingi 5, kuprinti 10, lamineti 50. Nilifungua mwaka 2009, na watu huniita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Nadhani ni miwani, pamoja na ile tabia yangu ya kumsahihishia mtu barua kabla hajaniomba.

Anayetaka kujua mji umeamkaje na aje aketi kwenye kiti kile. Mambo yote ya hapa yanapita juu ya kioo cha mashine yangu: kadi ya arusi, orodha ya mchango wa maziko, barua kwa chifu ya kumshtaki jirani aliyechimba choo karibu na kisima, kumbukumbu za kikao cha chama cha kina mama zilizoandikwa kwa kalamu mbili kwa sababu ya kwanza iliisha wino palipofikiwa deni la mweka hazina. Kijana anayekwenda Diani kutafuta kazi hotelini hutaka kitambulisho pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja, nakala tatu. Akirudi baada ya wiki kutaka nyingine tatu, najua hakupata.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba mji mdogo hauna habari, humtazama tu. Habari tunazo, na zinakwenda mbio. Mtu akifariki usiku Milalani, kabla ya adhana ya alfajiri Gazi washajua, na wachimba kaburi washaamshwa. Ndovu akitoka Shimba Hills akaingia shambani mwa mtu, kufika saa mbili asubuhi tunajua alimaliza migomba mingapi na mwenye shamba alikimbilia wapi. Mdomo, kipaza sauti cha msikiti na bodaboda vinatosha kabisa kwa mambo hayo.

Ila kuna habari moja ambayo mdomo hauiwezi: ile yenye siku ya mwisho. "Mwenye pingamizi na afike kabla ya tarehe fulani." Hiyo ikipita midomo mitatu, tarehe huwa ya kwanza kudondoka njiani. Kinachotufikia ni "nasikia kuna mkutano wa mambo ya ardhi." Ukiuliza lini: "Hata si mbali, ni siku hizi hizi."

Miaka mitatu iliyopita alikuja dukani mama mmoja mtu mzima, kutoka upande wa Kinondo. Alikuwa na nakala ya hati ya shamba la marehemu mumewe, ameikunja mara nne, ameifunga kwa nailoni, kisha akaifunga tena kwa leso. Alikuwa amesikia kisimani kwamba shamba lile limetolewa hati nyingine. Herufi hazijui, lakini namba ya kiwanja alinitajia kwa moyo, tarakimu zote, kama mtu anavyotaja namba ya simu ya mwanawe aliye Mombasa. Nikafungua intaneti, nikatafuta kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lilikuwamo.

Tangazo la aina hiyo ni fupi, na yote hufanana, kwa hivyo niliyeyasoma matano nayajua mia. Fulani wa sanduku la posta kadhaa ndiye mwenye kiwanja namba kadhaa. Ushahidi umetolewa kwamba hati yake imepotea. Zikipita siku 60 tangu leo bila pingamizi kupokelewa, hati mpya itatolewa. Basi. Mistari sita ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Siku 60 za mama yule zilikuwa zimekwisha tangu miezi minne nyuma.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Akaniomba nirudie polepole, nikarudia. Hakulia wala hakumlaani mtu. Aliuliza swali moja: "Mwanangu, hilo gazeti huuzwa wapi?"

Nimeishi hapa miaka yangu yote, na sikuwa na jibu. Nimewahi kuona gazeti la michezo likifungiwa viazi karai, nimewahi kuona Taifa Leo la juzi likigombewa kinyozini. Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899 na kutoka kila Ijumaa, sijawahi kuliona mkononi mwa mtu yeyote Msambweni. Kesi ya mama si yangu kuisimulia hapa. Bado ina wenyewe. Shilingi 10 zake za karatasi nilikataa, akaniachia maembe mawili.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo nataka wakubwa wetu wa Kwale na wa Nairobi nao wajiulize. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, Kiswahili kikitangulia. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Kanuni za mazingira za 2003 zinakwenda mbali zaidi: mradi mkubwa ukija, mabango yabandikwe karibu na mahali penyewe, tangazo litoke gazetini wiki mbili mfululizo, na redioni lisomwe kwa lugha rasmi na za wenyeji. Aliyeziandika kanuni hizo alikuwa mtu mwenye akili. Nahisi alikulia kijijini. Lakini bango nimeliona kwa macho yangu, karatasi moja, pini moja, kwenye ukuta wa afisi ambayo mtu haendi mpaka aitwe. Kaskazi ilipovuma, karatasi ikageuka mgongo, na hapo ikabaki, ikiusomea ukuta.

Makadirio ya bajeti ya kaunti sharti yafike bungeni kufikia Aprili 30. Ndiyo kusema vikao vya kutuuliza maoni huangukia karibu na masika, wakati mkulima wa Lungalunga yuko shambani na barabara ya Kinango ni tope tupu. Wanaofika ni wale wale, nawajua kwa sababu ndio wanaokuja kwangu kufotokopi risiti za nauli.

Waandishi wa magazeti makubwa hutujia, sikatai. Huja akija ndovu, akifa mtalii, au ikitajwa titani. Meli ya kwanza ya madini ya kampuni ya Base Titanium ilipoondoka Februari 2014 walikuja, na machimbo yalipofungwa Desemba 2024 wakaja. Katikati yake ipo sheria ya madini ya 2016, inayosema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii inayoishi palipochimbwa. Asilimia ya nini hasa, inapitia wapi, nani anaketi kwenye kamati? Waulize vijana watano stejini, utapata majibu sita.

Na nisijitoe lawamani. Wamakonde wa Makongeni ni majirani zetu. Wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huku Ramisi na kwingineko, watoto wao wakazaliwa hapa, na wajukuu, wote bila kitambulisho. Barua zao za kuomba uraia nilizifotokopi mimi, nyingi mno, na hakuna siku niliyosema moyoni: hii ni habari. Niliona ni kazi ya asubuhi. Ilibidi wafunge safari ya miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo nchi ikageuza shingo, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Niliyazoea mateso ya jirani kama mtu anavyozoea mlio wa printa.

Kuna watakaosema siku hizi kila mtu ana simu, makundi ya WhatsApp yapo, ya nini karatasi? Mimi niko kwenye makundi saba. Juzi nimetumiwa video ya mafuriko ikidaiwa ni Ramisi, na nyuma ya maji palionekana basi lenye maandishi ya Kichina. Ilani ya kweli ikiingia humo hupata dakika tano juu, kisha inazikwa na salamu za Ijumaa njema zenye maua. Nasi watu wa kusini tunajua mnong'ono unaweza nini. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, huku kwetu wiki nzima tuliishi kwa "nasikia". Nasikia wanakuja, nasikia wameondoka, nasikia feri haivuki. Watu walifungasha magodoro kwa neno la mtu aliyeambiwa na mtu.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili, kuandika habari za mji mdogo kwa Kiswahili, lilishawahi kufanywa, tena jirani kabisa. Vuka mpaka Lungalunga, teremka Tanga. Wadigo, watu wa huku kwetu, wako pande zote mbili. Tanga, mnamo 1904, shule ya serikali ya Wajerumani ilianza kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Likadumu hadi 1916, vita vilipolizima. Ndani yake walimu na makarani wa miji midogo waliandika habari za kwao. Lilikuwa gazeti la mkoloni na lilimsifu mkoloni, hilo halifichiki, lakini mtu wa mji mdogo aliweza kuuona mji wake umeandikwa kwa lugha yake. Na Mombasa, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na Sahifa, jina lenyewe likiwa na maana ya ukurasa, kabla ya kulitoa Al-Islah mwaka 1932. Mwanachuoni yule, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, hakuona aibu kuanzia kwenye karatasi ndogo.

Basi nami, bila elimu ya sheikh, nikaanza na mlango. Kila Ijumaa Gazeti Rasmi likitoka mtandaoni, natafuta neno Kwale. Nayatoa matangazo yetu, nayaandika kwa Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa: kiwanja namba hii, mahali fulani, mwenyewe ametajwa fulani, mwisho wa pingamizi siku hii. Naongeza vikao vya wadi nikivipata, na siku daktari wa macho anapokuja. Karatasi mbili, gundi, mlangoni. Watu wakitoka msikitini husimama.

Mwanzoni walisimama kwa adabu. Mzee mmoja akanishauri niweke waliofariki juu, kwa kuwa ndio watu husoma kwanza. Nikakubali, na kweli wasomaji wakaongezeka. Kisha likaja tangazo la mbuzi aliyepotea: jike, mweusi, sikio la kushoto limekatwa ncha. Nililiandika chini kabisa, na mbuzi akapatikana Jumamosi, jambo lililoipa karatasi yangu heshima kuliko vifungu vyote vya katiba.

Nilijua imeanza kusomwa siku aliyokuja dalali mmoja wa viwanja, mtu mcheshi, viatu vinang'aa. Alifotokopi ukurasa mmoja, akatoa noti ya shilingi 1,000, asitake chenji. "Mwalimu, ile namba ya tatu pale mlangoni, si uitoe tu bwana? Imeshatangazwa serikalini, ya nini kuirudia?" Nikamrudishia 995. Namba ya tatu ilibaki, na Ijumaa iliyofuata niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Noti ile ilinipa hesabu. Kaunti ya Kwale ina wadi 20. Kila wadi ikipata karatasi 10 kwa wiki, kwenye ukuta wa msikiti, wa kanisa, foleni ya zahanati, steji ya bodaboda, gogo la wavuvi pale Mkunguni, ni karatasi 200. Kwa shilingi 5 moja, bei yangu bila kuombwa punguzo, ni shilingi 1,000. Dalali yule aliniona nastahili kiasi hicho ili ninyamaze kuhusu kiwanja kimoja. Kaunti haiwezi kukosa kiasi hicho ili kuwaambia watu wake wote viwanja vyao viko wapi. Afisa wa habari yuko, gari liko, na Kiswahili wanakisema vizuri sana wakati wa kampeni. Nanyi wahariri wa magazeti ya Kiswahili, nafasi ya robo ukurasa kwa wiki kwa ilani za kila kaunti ingeuza nakala. Mwenye shamba hununua gazeti lililotaja shamba lake.

Mpaka hapo, mlango wangu upo, ingawa gundi inakula rangi na mwenye nyumba ameanza kulalamika.

Ijumaa iliyopita alikuja mjukuu wa yule mama wa Kinondo, mvulana wa gredi ya saba, kama anavyokuja kila Ijumaa kwa bodaboda ya mjomba wake. "Shikamoo Mwalimu. Kinondo iko leo?"

"Marahaba. Wiki hii hakuna. Mwambie nyanya hakuna."

Akatoa simu mfukoni, akasimama katikati ya watu, akapiga picha karatasi zote mbili, akaikuza kwa vidole kuhakikisha namba zinasomeka.

"Hataki kuambiwa," akasema. "Anataka aangalie mwenyewe."